Gouverneur Morris, yule wa mguu wa mbao aliyeandika "Sisi Watu"

Naanza na kifo chake makusudi, maana hii stori nikiiacha ije mwishoni itaharibu kila kitu. Tarehe 6 Novemba 1816, kwenye shamba la ukoo wao la Morrisania, eneo ambalo leo ni sehemu ya Bronx pale New York, mzee wa miaka 64 alikufa baada ya njia ya mkojo kuziba na yeye mwenyewe kuchukua kipande cha mfupa wa nyangumi, ule unaonyumbuka ambao enzi hizo uliwekwa kwenye nguo za ndani za wanawake, akajaribu kujizibua nao. Basi. Tumemaliza hiyo.

Sasa huyo mzee ndo alikuwa na kalamu mkononi Septemba 1787 wakati katiba ya Marekani inapewa lugha yake ya mwisho. Yale maneno ya ufunguzi, Sisi Watu wa Marekani, ni ya kwake. Sio ya Jefferson, Jefferson wakati huo yuko Paris anawakilisha nchi, wala sio ya Madison ambaye watu wanapenda kumwita baba wa katiba, na Madison mwenyewe alikubali, mwaka 1831 akiwa mkongwe kabisa aliandika barua akasema wazi kwamba umaliziaji wa lugha na mpangilio wa katiba ile ni kazi ya kalamu ya Bwana Morris. Ila ukitaja waasisi wa Marekani majina yanakuja Washington, Franklin, Hamilton, Jefferson, Adams, Madison, na huyu anasahaulika kabisa.

Mi nimemsoma sana huyu jamaa na kuna kitu kimoja kinanivutia na kunikera kwa pamoja. Aliona ubaya uko wapi kuliko karibu wenzake wote mle ndani, akausema kwa sauti, watu wakasikia, kisha akakaa chini akaupiga pasi mkataba ule ule uliobeba ubaya huo mpaka ukanyooka ukapendeza. Sijui nimweke kundi gani.

Kwanza tulimalize la jina. Gouverneur hapa sio cheo, hakuwahi kuwa gavana wa popote, ni jina la ukoo wa mama yake, Sarah Gouverneur. Alizaliwa Januari 1752 kwenye familia ya pesa, ardhi na watumwa, tena na akili zake zilikuwa zinakimbia, maana alimaliza King's College, ile inayoitwa Columbia leo, mwaka 1768 akiwa na miaka 16 tu, na hapo katikati alishaungua vibaya mkono wa kulia kwa maji ya moto. Vita vya uhuru vilipokuja vikaipasua familia yao katikati. Kaka yake wa baba mmoja, Lewis, alisaini Tangazo la Uhuru la 1776. Kaka mwingine wa baba, Staats, alikuwa afisa mkubwa wa jeshi la Uingereza. Mama alibaki upande wa mfalme na Morrisania ikawa nyuma ya mistari ya Waingereza, kwa hiyo mtoto akakaa miaka kibao bila kumuona mama yake.

Na yeye mwenyewe hakuwa mwanamapinduzi wa kuzaliwa, hilo lazima lisemwe. Mwaka 1774, akiangalia watu wa kawaida wa New York wanakusanyika kubishana siasa na matajiri, aliandika barua akasema eti umati umeanza kufikiri, maskini reptilia hawa, yaani watambaao kama nyoka, wanaota jua la asubuhi na kabla ya saa sita mchana watakuwa wanauma. Reptilia! Huyu ndo aliyekuja kuandika Sisi Watu. Shikilia hilo.

Mei 1780 akiwa Philadelphia alipata ajali ya gari la farasi, mguu wa kushoto ukaumia na madaktari wakaukata chini ya goti. Maisha yake yote yaliyobaki alitembelea kigogo cha mbao, cha kawaida tu, hakuna mapambo. Mjini ukaenea umbea kwamba hakuna cha ajali wala nini, jamaa aliruka dirishani akimkimbia mume wa mtu, na umbea ulikubalika haraka kwa sababu alikuwa kijana mrefu, mtanashati, mdomo mtamu, na wanawake walimpenda na yeye aliwapenda zaidi. Rafiki yake John Jay, aliyekuja kuwa jaji mkuu wa kwanza wa nchi, aliandika kwamba mguu wa Gouverneur umemuumiza moyo na anakaribia kutamani angekuwa amepoteza kitu kingine. Jaji mkuu huyo bwana.

Haya, 1787, mkutano wa kuandika katiba. Wajumbe 55 kwa jumla wamepita kwenye ule ukumbi wa Philadelphia, siri tupu, na Morris yuko kama mjumbe wa Pennsylvania ijapokuwa ni mtu wa New York. Sehemu kubwa ya Juni hakuwepo kabisa, na bado mwisho wa mkutano ndo aliyekuwa amesimama kuongea mara nyingi kuliko mtu yeyote, mara 173. Aliongea kuhusu kila kitu. Alitaka Seneti ya matajiri wanaokaa maisha yao yote. Alitaka wapiga kura wawe wenye ardhi tu, hoja yake ikiwa kwamba ukimpa kura mtu asiye na mali ataiuza kwa mwenye mali, na hapo unaweza kumchukia kwa dharau yake ila ukikaa ukafikiri kidogo unaona hakuwa anawaogopa maskini peke yao, alikuwa anawaogopa matajiri pia, aliamini wakiachiwa watameza kila kitu kwa hiyo bora uwaweke kwenye chumba kimoja ambapo watu wote wanawaona. Majimbo mapya ya magharibi nayo hakuyataka yaingie kwa haki sawa na yale ya mwanzo. Kwa ufupi alikuwa mtu wa tabaka lake, hana aibu.

Halafu tarehe 8 Agosti akasimama kuzungumzia utumwa na ukisoma kumbukumbu za Madison za siku hiyo unashangaa kama ni mtu yule yule.

Suala lilikuwa hivi. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe kwenye idadi ya watu ili yapate viti vingi bungeni, na muafaka uliokuwepo mezani ni kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Morris akauliza, mnawahesabu kama nini hasa? Kama ni watu, wafanyeni raia wapige kura. Kama ni mali, mbona mali nyingine haihesabiwi, maana nyumba za mji huu wa Philadelphia zina thamani kuliko watumwa wote waliojaa kwenye mabwawa ya mpunga ya South Carolina. Akaita utumwa laana ya mbingu juu ya majimbo yanayoufuga. Na akamalizia kwa kusema maana halisi ya ule mpango ni hii, mtu wa Georgia au South Carolina anakwenda pwani ya Afrika, anawang'oa binadamu wenzake kutoka kwa ndugu zao, anawatia kwenye kifungo kikatili kuliko vyote, na kwa kufanya hivyo anapata kura nyingi kuliko raia wa Pennsylvania au New Jersey anayechukia jambo hilo, tena kwenye serikali inayosema imeundwa kulinda haki za binadamu.

Akaomba liongezwe neno moja tu, wahesabiwe wakazi huru. Ikapigwa kura kwa majimbo. New Jersey ndiyo. Kumi hapana. Pennsylvania, jimbo lake mwenyewe alilokuja kuliwakilisha, hapana.

Hapo ningeishia ningekuwa na shujaa safi kabisa wa kuwaletea. Ila wiki mbili tu baadaye, tarehe 22 Agosti, mjadala wa biashara ya watumwa unawaka moto, kusini wanatishia kuondoka, na anayesimama kupendekeza mambo yote hayo yapelekwe kwenye kamati pamoja na masuala ya kodi na meli ili huenda yakazaa dili kati ya kaskazini na kusini ni Morris. Na dili likazaliwa kweli, biashara ya kuleta watumwa isiguswe mpaka 1808. Tarehe 25 likirudi ukumbini, yeye akataka kipengele kiandikwe kwa majina, kwamba uingizaji wa watumwa unaruhusiwa kwa ajili ya North Carolina, South Carolina na Georgia, ili dunia ijue nani aliomba. Wenzake wakaguna, lugha hiyo itawaudhi wenyewe. Akaiondoa hoja. Ndo maana ukiisoma katiba ile ya mwanzo neno mtumwa hulikuti, unakuta "watu wengine" na "watu wa namna hiyo", maneno ya kupitia mlango wa nyuma.

Hiki kipande cha tarehe 25 naona hakizungumzwi vya kutosha. Maana angalia kilichofuata.

Tarehe 8 Septemba ikateuliwa Kamati ya Staili, watu watano, William Samuel Johnson mwenyekiti, Hamilton, Madison, Rufus King na Morris. Kazi ikamwangukia Morris. Ndani ya siku nne amechukua rasimu yenye vifungu 23, imejaa viraka vya miezi mitatu na zaidi ya ubishi, akaishusha mpaka vifungu 7. Utangulizi wa ile rasimu ulikuwa unataja majimbo moja moja, sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, na kuendelea mpaka Georgia, orodha ndefu ya kuchosha. Morris akafuta majina yote. Akaweka Sisi Watu wa Marekani, kisha akataja sababu za kuunda serikali, muungano ulio bora zaidi, haki, amani ya ndani, ulinzi, ustawi wa wote, uhuru. Kwa Kiingereza ni maneno 52 tu na karibu yote ni ya kwake.

Yaani wiki kama mbili na nusu kabla alitaka majina ya majimbo yaandikwe akakataliwa, sasa anayafuta mahali pengine na hakuna anayepinga. Kuna wanaosema ilikuwa ni sababu ya kiufundi tu, katiba ilikuwa ianze kazi yakikubali majimbo tisa kati ya 13, na Rhode Island haikuleta hata mjumbe mmoja, kwa hiyo huwezi kuorodhesha majina ya watu ambao hujui kama watakuja. Sawa, sababu hiyo ipo. Ila mtu aliyekuwa anasimama kila siku kusema anataka serikali ya taifa zima na sio umoja wa vijimbo, unaniambia hakujua anachokiandika? Mi siamini. Alikuwa fundi na fundi anajua msumari anaugonga wapi. Hata ilikuja kudaiwa bungeni mwaka 1798, aliyedai ni Albert Gallatin, kwamba mjumbe mmoja wa kamati ile alijaribu kubadilisha alama moja ya uandishi, kuweka nukta mkato badala ya mkato kwenye kipengele cha kodi na ustawi wa wote ili serikali kuu ipate mamlaka makubwa zaidi, na akashtukiwa. Gallatin hakutaja jina lakini kila mtu anajua kidole kilielekezwa wapi.

Walioshtuka mapema kuhusu yale maneno ya ufunguzi ni watu wa Virginia. Juni 1788, mkutano wao wa kuijadili katiba, Patrick Henry alisimama akauliza nani aliwapa ruhusa ya kusema Sisi Watu badala ya Sisi Majimbo. Swali zuri sana. Kwenye mkutano ule ule alikuwepo kijana wakili akiitetea katiba, anaitwa John Marshall. Hao wawili wakumbuke, watarudi kwenye hii stori kwa njia ya ajabu.

Paris nitapita haraka ingawa ndo sehemu tamu kwa watu wa umbea. Alifika mwanzoni mwa 1789 kwa biashara ya tumbaku ya bosi wake wa zamani Robert Morris, ambaye pamoja na jina kufanana hawana undugu wowote, na Mapinduzi ya Ufaransa yakamkuta hapo. Alikuwa na mahusiano na Adélaïde de Flahaut, mwanamke aliyekuwa anaishi kwenye jumba la Louvre, ana mume mzee, na tayari ana mtoto na Talleyrand aliyekuwa askofu. Talleyrand naye alikuwa na mguu mbovu. Usiniulize. Alisimama pia kama modo kwa mchonga sanamu Houdon, kwa hiyo ile sanamu maarufu ya Washington iliyopo Richmond, Virginia, kichwa ni cha Washington ila mwili waliutolea vipimo kwake, alifanana naye umbo. Mguu wa kushoto nadhani walijaziliza.

Julai 1789 aliona kwa macho yake kichwa cha ofisa Foulon kikipitishwa mtaani juu ya mkuki na mwili ukiburutwa, akaandika kwenye dayari yake kwa mshtuko, Mungu wangu watu gani hawa. Mwaka 1792 akafanywa balozi rasmi wa Marekani, na Ugaidi wa gilotini, ile mashine ya kukata watu vichwa, ulipoanza mabalozi wengine wakaondoka Paris, yeye akabaki. Ujasiri huo nampa. Ila Thomas Paine, mtu ambaye maandishi yake yaliwatia Wamarekani moyo wa uhuru, alipotupwa gerezani Desemba 1793 Morris hakujisumbua kiasi kile, walikuwa hawapendani, na Paine alitolewa Novemba 1794 baada ya James Monroe kuchukua ubalozi. Chuki binafsi mbele ya maisha ya mtu, hapo alichemka.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa 1798, akawa seneta wa New York kuanzia 1800 hadi 1803, akamzika rafiki yake Hamilton Julai 1804 baada ya ile dueli, pambano la bastola, na Aaron Burr aliyekuwa makamu wa rais. Hotuba ya mazishi aliitoa yeye na kwenye dayari unamkuta anahangaika aseme nini, maana marehemu alizaliwa nje ya ndoa, alikuwa na majivuno, hakuwa na breki mdomoni, na yote hayo umati unayajua. Akasema mazuri, akachangisha pesa za mjane na watoto.

Kwa mtu anayetembea New York leo alama yake kubwa iko chini ya miguu. Alikuwa mmoja wa makamishna watatu, pamoja na Simeon De Witt na John Rutherfurd, waliotoa ule mpango wa 1811 wa mitaa ya Manhattan, barabara 12 za kwenda kaskazini na kusini, mitaa 155 ya kukatiza, yote imenyooka bila kujali kilima wala kijito. Wengine wanauona mpango ule hauna roho. Mi naona ni mtu yule yule aliyefuta majina kwenye utangulizi. Aliongoza pia tume ya Mfereji wa Erie, kilomita kama 584 kutoka Albany hadi Buffalo, watu waliucheka, ukaanza kuchimbwa Julai 1817 yeye ameshakufa, ukamalizika 1825 na ukaifanya New York kuwa New York.

Sasa Nancy. Jina lake kamili Anne Cary Randolph, wa ukoo mkubwa wa Virginia, kaka yake alimuoa binti wa Jefferson. Mwaka 1792 akiwa msichana anaishi kwa dada yake kwenye shamba lililoitwa Bizarre, ikavuma kwamba alizaa usiku na mtoto akatupwa, na baba ni shemeji yake Richard Randolph. Richard akafikishwa mahakamani 1793 na mawakili wake ni nani? Patrick Henry na John Marshall. Wale wale, waliobishana miaka mitano kabla juu ya sentensi ya Morris, sasa wako upande mmoja wa meza. Richard akaachiwa lakini jina la Nancy likabaki matopeni miaka na miaka, mpaka akaishia kuwa fukara anapanga vyumba huku na kule, na Morris akamwajiri atunze nyumba ya Morrisania. Krismasi ya 1809 akaalika ndugu zake, wakafika, kumbe ni harusi. Yeye ana miaka 57, bibi harusi 35. Wapwa waliokuwa wanasubiri urithi walipigwa bumbuwazi. Mpwa mmoja wa kike akalalamika hakushauriwa, akamjibu kwamba kama dunia ndo ingekuja kuishi na mke wangu ningeuliza dunia inapenda nini, ila kwa kuwa sivyo nimejichagulia mwenyewe. Mwaka 1813 wakapata mtoto wa kiume. Na alipotengeneza wosia akamwachia Nancy pato la kila mwaka na akaandika akiolewa tena aongezewe. Wanaume wengi wa wakati ule wangeandika akiolewa apunguziwe. Nampenda sana kwa hili, kuliko hata hotuba zake.

Ila mzee akaja kukasirika. Vita ya 1812 na Uingereza aliiona ni vita ya wenye watumwa na wapenda ardhi, biashara ya kaskazini ikafa, na kwa hasira akafika mahali pa kutaka majimbo ya kaskazini yajitoe kwenye muungano. Mwandishi wa "muungano ulio bora zaidi"! Wajumbe wa New England walipokutana Hartford kuanzia Desemba 1814 aliweka matumaini yote kwao, wakatoka na maazimio ya upole, akawaona waoga. Kwa hiyo aliyeyafuta majina ya majimbo ndo huyo huyo miaka 27 baadaye anasema turudi kwenye majimbo yetu.

Lakini sentensi ilishamtoka mkononi. Mwaka 1819, mwenyewe yuko kaburini, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland, jimbo linadai katiba ni mkataba wa majimbo na kwa hiyo serikali kuu inakaa chini ya ridhaa yao. Jaji mkuu wakati huo ni John Marshall, ndiyo, wakili wa shemeji yake Nancy, na akajibu kwamba hapana, serikali hii inatoka moja kwa moja kwa watu, imewekwa kwa jina la watu, someni utangulizi. Nancy alikuwa bado yupo Morrisania analea mtoto na kulipa madeni ya mume wake.